Habari za Bibi Salme binti Said, Aliyeitwa Emily Ruete

Sisi tukaao huku juu, Mwimbi na Ufipa, jina la Unguja twalijua tangu wazee wetu kwa habari za misafara ya pembe na watumwa. Lakini si wengi wajuao habari za binti wa mtawala wa kisiwa kile aliyezeeka mjane katika nchi za ugenini. Naziandika hasa kwa ajili ya mama walioachiwa watoto wadogo.

Bibi Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alitekwa utotoni katika nchi ya Wacherkesi, akauzwa utumwani. Mabinti walifundishwa kusoma tu, wala si kuandika. Salme akajifundisha mwenyewe kwa siri, akiandika juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Mwaka 1866 alichukua mimba ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, akakimbia katika manowari ya Waingereza hata Aden. Jambo hilo liliwahuzunisha sana nduguze, wala si kazi yetu kulipamba. Huko Aden akazaa mtoto mwanamume, na tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa, akaitwa Emily. Siku iyo hiyo wakafunga ndoa. Mtoto yule akafa wakiwa njiani kwenda Ujerumani.

Katika Hamburg wakapata watoto watatu: Antonie, Said na Rosalie. Kisha, mwezi wa Agosti 1870, mume akaumizwa na gari la reli la mjini, akafa. Mjane alikuwa hajatimiza miaka 26, na mtoto wake wa mwisho hajafikisha miezi minne. Lugha ilikuwa ngeni, baridi kali, fedha chache. Hata hivyo hakuondoka, bali akawalea wanawe katika nchi ya baba yao, akifundisha Kiarabu ili wapate riziki.

Mwaka 1875 ndugu yake Barghash, aliyekuwa sasa Sultani, alifika London. Bibi akaenda huko upesi kutafuta mapatano. Lakini Sir Bartle Frere akamwekea shauri gumu: akiacha kuonana na nduguye, serikali ya Uingereza itawatunza watoto wake. Fikirini, enyi mama, uchungu wa kuchagua hivyo! Akawachagua watoto. Barghash akaenda zake. Ndipo mjane akaarifiwa kwamba msaada ule hautatolewa. Mimi naona alidanganywa, naye mwenyewe aliona hivyo.

Mwaka 1885 akafika Unguja tena, lakini Barghash hakukubali kumpokea. Akarudi mara nyingine mwaka 1888, asifanikiwe. Habari za maisha yake alikuwa amezitoa katika kitabu kwa Kijerumani mwaka 1886. Baadaye akakaa miaka mingi Beirut, hata mwaka 1914.

Watoto wake wote walikua, wakaoa na kuolewa. Said alipopata binti mwaka 1910, akampa jina la Salme, jina lile ambalo bibi yake aliliacha siku ya ubatizo.

Bibi Emily alifariki katika mji wa Jena tarehe 29 Februari 1924, mwenye miaka 79. Akazikwa Hamburg katika kaburi la mumewe, na pamoja naye ukawekwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, ulioonekana katika vitu vyake.