Srinivasa Ramanujan, Mja wa Devi Namagiri

Srinivasa Ramanujan alizaliwa Erode, kusini mwa India, tarehe 22 Desemba 1887, katika jamaa iliyomwabudu Devi Namagiri wa Namakkal. Chuoni alipoteza ufadhili kwa kuyapuuza masomo yote ila hesabu. Baadaye akawa karani bandarini Madras, kwa rupia 30 kwa mwezi.

Mwaka 1913 alimwandikia mwanahesabu Hardy wa Cambridge, naye akamwita. Kwa Mabrahmini kuvuka bahari kulikuwa mwiko. Alisafiri mwaka 1914, baada ya mama yake kuoteshwa na Devi asimzuie. Huko Uingereza alijipikia mwenyewe, asionje nyama.

Namba 4 hugawanyika kwa njia 5: 4, 3+1, 2+2, 2+1+1 na 1+1+1+1. Je, 200? Ramanujan na Hardy walitunga kanuni ya kuzijua njia hizo. MacMahon akazihesabu kwa mkono, akapata 3,972,999,029,388. Kanuni ikatoa jibu lilo hilo.

Alifariki tarehe 26 Aprili 1920, akiwa na miaka 32 tu, akiamini kuwa kanuni zake ni tunu ya Devi. Watoto wetu na wajue: ibada na elimu hukaa nyumba moja.