SIDI MUBARAK BOMBAY: ALIYEJUA THAMANI YA MWILI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Ijumaa ya leo tunawaletea maisha ya mtu aliyefika hapa kwetu Uvira kwa mtumbwi mwaka 1858. Jina lake Sidi Mubarak, lakini dunia ilimjua kwa jina la Bombay. Shuleni wengi wetu tulifundishwa majina ya Burton, Speke, Stanley na Cameron. Ni wachache waliofundishwa kwamba wote hao wanne walitembea na Mwafrika mmoja, Mwislamu, aliyewahi kuwa mtumwa, na kwamba bila yeye na wenzake wasingefika mbali.

Hatumleti hapa kwa ajili ya sifa za safari tu. Tunamleta kwa sababu maisha yake yanatuuliza swali: mwili huu tuliopewa kwa amana, tunaufanyia nini?

UTUMWANI NA UHURU

Mubarak alizaliwa karibu na mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kule kwenye mpaka wa Tanzania na Msumbiji ya leo. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, kijiji chao kilivamiwa na wakamata watumwa. Alipelekwa Kilwa, na huko akauzwa kwa vitambaa. Tuizingatie habari hiyo, ndugu zangu: mtoto wa mtu, mwenye mikono, macho na moyo, bei yake ilikuwa nguo.

Kutoka Kilwa alipelekwa Unguja, kisha ng'ambo ya bahari hadi India, kwa mfanyabiashara mmoja. Alikaa huko miaka mingi, akajifunza Kihindustani. Bwana wake alipofariki, Mubarak akapata uhuru wake. Akarudi Unguja, akajiandikisha katika jeshi la Sultani, akapangwa kwenye kituo cha Chogwe karibu na Pangani. Hapo ndipo Burton na Speke walipomkuta mwaka 1857. Kwa kuwa Speke alijua Kihindustani, na Mubarak alijua Kihindustani na Kiswahili, akawa mdomo wao na sikio lao.

Tangu siku hiyo, mwili uliouzwa kwa vitambaa ukawa unafanya kazi kwa mshahara wa mwenyewe.

UVIRA MWAKA 1858

Msafara ulifika ziwa Tanganyika mwezi wa Februari 1858. Hali ya wakubwa wake ilikuwa ya kusikitisha. Burton alikuwa ameshikwa na homa hata miguu ikafa ganzi, na muda mrefu alibebwa kwa machela. Speke macho yalimuuma mpaka akawa karibu kipofu. Alilifikia ziwa asiweze kuliona vizuri. Mwezi wa Machi alivuka ziwa kwa mtumbwi pamoja na Bombay, na katika safari hiyo mdudu akamwingia sikioni, akaumwa vibaya na kusikia kwake kukaharibika.

Kisha wakakodi mitumbwi miwili Ujiji, wakaja kaskazini. Tarehe 26 Aprili 1858 walifika Uvira, Burton akiwa na vidonda kinywani ambavyo vilimzuia hata kusema sawasawa. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wenyeji wa hapa wakawaambia kwamba unaingia, na ndivyo ulivyo. Lakini wapiga makasia walikataa kwenda mbele zaidi, na msafara ukarudi bila kuuona mdomo wa mto.

Uvira ya wakati huo ilikuwa soko. Ziliuzwa hapa pembe za ndovu, nafaka, chuma, nguo za magome ya miti, na watu pia. Tusifiche: miongoni mwa wanunuzi wa watu walikuwamo waliojiita Waislamu. Bombay, aliyeuzwa utotoni, alikanyaga mchanga wa ufuko huu akiwa mtu huru, mbele ya soko lile lile lililomuuza yeye kule Kilwa.

MIGUU ILIYOVUKA AFRIKA

Safari ya pili ilianza mwaka 1860, akiwa na Speke na Grant. Walitoka pwani, wakapita Karagwe na Buganda, wakaufuata mto Nili hadi Misri mwaka 1863. Wapagazi wengi walitoroka njiani au walikufa. Waliofika mwisho ni wachache, na Bombay akiwa mmoja wao. Grant alipofika Karagwe alipata kidonda cha mguu kilichomlaza miezi kadhaa. Speke naye, siku moja kwa hasira, alimpiga Bombay usoni, na mapengo ya meno yake yalibaki kuwa kumbukumbu. Bombay aliudhika, kisha akasamehe, akaendelea na kazi mpaka ikaisha. Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha London kilimpa medali ya fedha.

Mwaka 1871 Stanley alimchukua kuwa kiongozi wa askari wake katika kumtafuta Livingstone, na mwezi wa Novemba mwaka huo msafara ukamkuta Ujiji.

Mwaka 1873 akatoka tena, safari hii na Cameron. Wakati huo Bombay alikuwa amepita miaka hamsini. Wazungu waliokuwa katika msafara huo walipatwa na misiba: Moffat alikufa kwa homa mwanzoni mwa safari, na daktari Dillon, akiwa amechanganyikiwa kwa homa kali, alijiua. Cameron na Bombay waliendelea. Walifika Ujiji mwaka 1874, wakalizunguka ziwa upande wa kusini, wakapita Nyangwe katika nchi yetu, na mwezi wa Novemba 1875 wakatokea kwenye bahari ya Atlantiki, karibu na Benguela huko Angola. Cameron alifika akiwa mahututi kwa kiseyeye, kinywa kikimtoka damu. Bombay alirudi Unguja kwa meli iliyozunguka kusini mwa Afrika.

Ukijumlisha safari zake zote, inakadiriwa alitembea zaidi ya kilomita 9,000. Baada ya hapo chama kile cha London kilimpa pensheni, akakaa Unguja hadi alipofariki mwaka 1885, akiwa na miaka sitini na kitu.

HAKUWA MALAIKA

Tunaandika maisha ya mtu, hatuandiki ya malaika. Wazungu waliotembea naye waliandika pia kwamba mara nyingine alishindwa na pombe, na siku hizo hakufaa kwa kazi. Hatuifichi aibu hiyo, kwa sababu nayo ni somo. Mtu ambaye jua, njaa na umbali havikumwangusha, aliangushwa na kibuyu.

Tena tusidhani kwamba alikuwa na siri ya uchawi. Mtu aliyekulia penye malaria na akaishi mpaka ukubwani hujenga mwilini kinga fulani, ambayo mgeni hana. Na juu ya yote, uhai na mauti viko mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini Mwenyezi Mungu ameumba sababu, na mwenye akili hufuata sababu.

MAFUNZO KWETU SISI

1. Kutembea. Bombay alitembea kwa riziki yake, na mwili uliozoea kutembea ukambeba mpaka baada ya miaka hamsini. Leo kijana mwenye afya hupanda pikipiki kutoka barabarani hadi nyumbani, umbali ambao bibi yake hutembea na mzigo kichwani. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mwendo wa kutosha kwa wiki. Hizo ni kama nusu saa kwa siku tano. Anayekwenda msikitini kwa miguu na kurudi, sala baada ya sala, anaweza kuzipata bila kutumia hata faranga moja. Tunajua pia kwamba mama zetu wanaotoka shambani na mzigo mgongoni hawahitaji kuambiwa watembee. Wao wanahitaji wanaume wa nyumba wawapokee mzigo.

2. Chakula. Kiseyeye kilichompata Cameron kinatokana na kukosa matunda na mboga mbichi kwa muda mrefu. Sisi kando ya ziwa hili hatuna udhuru. Tuna sombe, lengalenga, maembe, machungwa, mapapai, na ndagala ambao ni chakula cha kujenga mwili. Kinachotuharibu siku hizi ni wingi wa mafuta, chumvi na sukari. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mmoja isizidi kijiko kimoja cha chai. Na dini yetu imetufundisha zamani kwamba tumbo halijazwi lote: huachwa nafasi ya maji na nafasi ya pumzi.

3. Maji. Bombay aliishi katika zama ambazo kipindupindu kiliipiga pwani na Unguja zaidi ya mara moja, na watu walikufa kwa maelfu bila kujua sababu. Sisi sababu tunaijua. Kipindupindu huingia kwa kinywa, kwa maji na chakula kilichochafuliwa na choo. Uvira yetu inajulikana kwa ugonjwa huu, karibu kila mwaka wagonjwa hupatikana, na hasa robine zinapokauka watu wakarudi kuchota ziwani na mitoni, Mulongwe na Kalimabenge. Maji yaliyochotwa ziwani yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe klorini, kabla ya kunywewa, hata kama yanaonekana meupe. Bidoni isafishwe na ifunikwe. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Sisi tunaotawadha mara tano kwa siku ingekuwa aibu tuwe na mikono safi mbele ya sala na michafu mbele ya sahani.

Akitokea mgonjwa wa kuharisha maji maji, apelekwe haraka kituo cha afya. Akiwa njiani anyweshwe kidogo kidogo maji ya kumwokoa: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kinachoua katika kipindupindu ni kukaukiwa maji, na mgonjwa anaweza kufa katika saa chache.

4. Homa na vidonda. Homa iliyomlaza Burton na kumuua Moffat bado iko kwetu, na inaua hasa watoto wadogo ambao kinga yao haijakomaa. Chandarua kilichotolewa kwa ajili ya kitanda kisigeuzwe wavu wa ndagala. Mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo. Na kidonda kidogo cha mguu kisidharauliwe. Kioshwe kwa maji safi na sabuni tangu siku ya kwanza, tukumbuke miezi ya Grant huko Karagwe.

5. Kupima. Shinikizo la damu, ambalo wengi tunaliita tansio, halina kelele. Mtu huwa nalo miaka asijue, mpaka siku anapoanguka na upande mmoja wa mwili kupooza. Aliyevuka miaka arobaini apime mara kwa mara, na aliyepewa dawa asiziache kwa sababu anajisikia vizuri.

6. Kilevi na tumbaku. Hapa hatuna haja ya maneno mengi. Haramu yake tunaijua, na madhara yake kwa ini, moyo na mapafu yanajulikana hata kwa wasiosali.

NENO LA MWISHO

Ndugu Waislamu, mtoto yule wa Kiyao aliuzwa na wengine, hakuulizwa. Alipopata uhuru, aliutumia mwili wake kwa kazi ngumu mpaka uzeeni. Sisi hakuna aliyetupeleka sokoni. Lakini yuko anayeuza ini lake kwa chupa, anayeuza mapafu yake kwa pakiti ya sigara, anayeuza moyo wake kwa kukaa na kula mafuta, na anayehatarisha maisha ya watoto wake kwa uvivu wa kuchemsha maji. Bei hiyo ni ndogo kuliko vitambaa vya Kilwa, na muuzaji ni mwenye mwili mwenyewe.

Wiki hii kila mwenye nyumba aangalie vitu vitatu: bidoni la maji ya kunywa, sabuni karibu na choo, na chandarua juu ya kitanda cha mtoto. Kisha atoke aje msikitini kwa miguu, kama ana nguvu ya kutembea.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe afya katika miili yetu, katika masikio yetu na katika macho yetu, awaponye wagonjwa wetu, aulinde mji wetu na watu wake, na atujaalie umri wenye faida. Amin.

Wabillahi tawfiq.