Nyumba ya Sayyid Barghash juu ya meza yangu Voi

Mwezi huu meza yangu hapa Voi imejaa vijiti vya mishikaki, kadibodi na vumbi la mbao. Najenga Beit al-Ajaib ya Unguja, sentimita moja kwa kila mita. Jirani zangu wanauliza: Voi na Sultani, wapi na wapi?

Sayyid Barghash alikuwa mtoto wa Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1859 alijaribu kumpokonya kiti ndugu yake Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Majid alipofariki mwaka 1870, kiti kikawa chake. Mwaka 1873, akiwa amebanwa na Waingereza na manowari zao, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Aliuletea mji maji safi ya mfereji, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib kwa ajili ya sherehe zake. Alifariki mwaka 1888.

Fedha zilitoka wapi? Zilitoka kwenye karafuu zilizochumwa na watumwa, na kwenye pembe za ndovu. Misafara ya pembe kutoka Mombasa ilikuwa ikikatiza nyika hii yetu na kupumzika Taveta kabla ya kuingia Umasaini. Kwa hiyo bara nayo ina jasho lake katika nyumba ile.

Kazi yenyewe iko kwenye mapambo. Nguzo za chuma cha kusubu nazitengeneza kwa vijiti vya mishikaki, juu na chini naweka ushanga. Vizuizi vya roshani, zinazozunguka pande zote, nakata kwa wembe, karatasi ngumu nne kwa pamoja ili zilingane. Milango natumia mabaki ya mbao kwa seremala, na mfaa wa katikati naubandika mwisho. Nakshi nazichora kwa gundi. Ikikauka huinuka, nami napaka rangi ya dhahabu. Milango ya asili ina aya za Qur'ani. Hizo sikuziweka, kwa sababu herufi ndogo kiasi hicho zingeharibika, na Kitabu hakifanyiwi mchezo. Nimeweka maua tu.

Mnara nao nimeuacha. Ule wa Barghash ulisimama peke yake mbele ya jumba, ukaharibiwa na mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Uliobandikwa usoni mwa jumba ulikuja baada ya vita hivyo, na ndio ulioporomoka tarehe 25 Desemba 2020 pamoja na sehemu ya jengo. Mafundi wawili walipoteza maisha.

Jumba la Sultani lina picha na vipimo, hivyo laweza kujengwa tena. Je, milango ya mababu zetu Mombasa na Lamu, inayooza au kuuzwa usiku? Ndugu yangu, chukua futi leo, pima mlango wa kwenu, upige picha kila ua. Ukishaondoka, fundi atakosa cha kufuata.