Nansen na Madoa ya Barafu

Mimi nilimjua Fridtjof Nansen kama yule Mnorwe aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1922 kwa kuwasaidia wakimbizi. Kumbe ujana wake aliutumia kuchungulia viumbe vya baharini kwa hadubini!

Alizaliwa 1861, akasomea elimu ya wanyama. Mwaka 1893 aliiachia meli yake, Fram, igandie makusudi katika Bahari ya Aktiki ili barafu iibebe. Wakongwe wa safari hizo walimwonya kwamba anajiua bure. Meli ilikwama humo karibu miaka mitatu, na watu wote 13 walirudi salama.

Lakini kilichonivutia zaidi ni kiangazi cha 1894. Juu ya barafu kulikuwa na vidimbwi, na ndani yake madoa ya kahawia. Mimi ningesema ni matope tu, nijipitie zangu. Nansen aliyachota, akayatazama kwa hadubini. Lo! Ni mwani mdogo mno, tena uko hai katika baridi ile.

Leo twajua kwamba mwani huo hushika hata upande wa chini wa barafu na kuishi kwa mwanga hafifu unaopenya. Huliwa na vidudu vya jamii ya kamba, navyo huliwa na samaki, samaki na sili, sili na dubu mweupe. Barafu ikiyeyuka, shamba lao ndilo linaloondoka. Na barafu ya kiangazi huko imepungua sana tangu 1979.

Nansen alifariki nyumbani kwake mwaka 1930.