Daktari Fischer na Kasuku Wake

Bila shaka baadhi yenu mmekwisha kumwona yule kasuku mdogo wa rangi ya majani, mwenye uso wa machungwa, mdomo mwekundu, na duara nyeupe kuzunguka jicho. Ukimwona katika tundu mjini Lilongwe usidhani kuwa ni ndege wa Malawi. Kwao ni Tanzania ya kaskazini, katika nyika za Serengeti na nchi iliyo kusini ya Ziwa Viktoria. Wataalamu wa ndege humwita kwa jina la mtu, naye ni Daktari Gustav Fischer. Ni vyema tujue habari za mtu huyo, kisha tujifunze kumtambua ndege wake.

Gustav Fischer alizaliwa tarehe 3 Machi, 1848, katika mji wa Barmen, Ujerumani. Alisomea udaktari, na mwaka 1876 alifuatana na Clemens Denhardt kuja Unguja. Zamani hizo Seyyid Barghash ndiye aliyekuwa Sultani. Fischer alikaa Unguja akawa mganga, lakini moyo wake haukutulia mjini. Mwaka 1877 alikwenda Witu, na mwaka 1878 alipanda na mto Tana akaingia nchi ya Wapokomo. Kila alikopita alikusanya ndege. Aliwachuna, akazikausha ngozi zao, akazipeleka Berlin, ambako mtaalamu Anton Reichenow alizipima na kuzilinganisha. Kazi ya namna hii haina maana kama ngozi haina cheti kinachosema ndege alipatikana wapi na lini. Ngozi isiyo na cheti ni manyoya tu.

Mwaka 1882, kwa msaada wa Chama cha Jiografia cha Hamburg, Fischer alitoka Pangani na msafara mkubwa kwenda Umasai. Wakati ule Wazungu hawakuwa na habari za nchi hiyo ila kwa kusikia tu, lakini wafanyi biashara wa pwani walikuwa wakiijua njia yake tangu zamani. Msafara ulipigana na Wamasai, na ugomvi huo uliwaletea taabu waliokuja nyuma. Mwingereza Joseph Thomson, aliyeshika njia mwaka 1883, alilazimika kurudi nyuma kwanza, kwa kuwa Wamasai walikuwa wamekasirika. Fischer mwenyewe alifika mpaka ziwa Naivasha mwaka huo huo, akazuiwa asiendelee. Hata leo, karibu na ziwa hilo, liko jiwe refu lililosimama peke yake kama mnara, nalo huitwa kwa jina lake.

Alirudi Ulaya, lakini hakukaa sana. Msafiri mmoja, Daktari Wilhelm Junker, alikuwa amefungiwa njia upande wa Sudani ya kusini pamoja na Emin Pasha, kwa sababu ya vita vya Mahdi. Ndugu yake Junker alitoa fedha ili mtu aende kumtafuta, na Fischer akakubali. Mwaka 1885 alitoka tena Pangani, akafika pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria. Njia iliyo fupi ilipita Buganda, lakini Kabaka Mwanga hakutaka Wazungu wapite, na mwezi wa Oktoba mwaka huo Askofu Hannington alikuwa ameuawa Busoga. Basi Fischer akajaribu kuzunguka ziwa kwa upande wa mashariki, akapita Kavirondo. Vitu vyake vikapungua, njia ikamshinda, na mwaka 1886 akarudi pwani mikono mitupu.

Mikono mitupu kwa habari ya Junker, lakini si kwa habari ya ndege. Katika mizigo iliyorudi zilikuwamo ngozi za kasuku yule mdogo. Fischer alifika Berlin akiwa na homa, akafa tarehe 11 Novemba, 1886, umri wake miaka 38. Mwezi uliofuata Junker alitokea Unguja mzima, kwa njia nyingine. Yule aliyetafutwa alipona, na yule aliyemtafuta akafa bila kupata habari. Mwaka 1887 Reichenow alimtangaza kasuku yule kuwa ni jinsi ya peke yake, akampa jina la Fischer. Mwenye jina hakulisikia.

Sasa tumtazame ndege mwenyewe. Watu wengi huuliza: dume ni yupi na jike ni yupi? Katika kasuku wadogo wa Australia jambo hili ni rahisi. Tazama ngozi iliyo juu ya mdomo, penye pua: dume mzima kwa kawaida anayo ya buluu, na jike huwa ya kahawia anapokuwa tayari kutaga. Lakini kasuku wa Fischer hana alama hiyo. Dume na jike wanafanana kabisa. Jike huwa mzito kidogo, na mifupa ya nyonga yake imeachana zaidi, lakini dalili hizo hudanganya. Hata majike wawili huweza kuishi kama mke na mume, wakataga mayai mengi yasiyoanguliwa. Njia ya hakika ni kupima unyoya katika maabara.

Na rangi je? Kijani cha ndege huyu kimetokana na mambo mawili: rangi ya manjano iliyo ndani ya unyoya, na umbile la unyoya linalorudisha mwanga wa buluu. Ikikosekana manjano, ndege huwa wa buluu na uso wake mweupe. Ukikosekana weusi wa ndani, huwa wa manjano. Vikikosekana vyote viwili, huwa mweupe. Kijani hushinda buluu: wazazi wawili wa kijani wenye buluu iliyofichika huweza kuzaa mtoto wa buluu, kwa wastani mmoja katika wanne. Basi mfugaji asimshuku jirani yake kwa kuona kinda wa rangi ngeni.

Malawi nayo ina kasuku wake mdogo, katika misitu ya Liwonde. Jina lake ni la Lilian Sclater, alilopewa na Shelley mwaka 1894. Huyu naye dume na jike hawatofautiani. Na huko Naivasha, ambako Fischer alizuiwa, leo wako kasuku wa jina lake waliotoka katika matundu ya watu, nao wamechanganya damu na wale wa shingo ya manjano.

Tukumbuke neno moja. Ngozi zile hazikufika pwani kwa miguu ya Fischer peke yake. Wapagazi walizibeba mwendo wa miezi mingi, wakilinda mizigo na mvua, wala hakuna ndege aliyepewa jina la hata mmoja wao. Sisi tulio Dzaleka, mahali palipokuwa gereza kabla ya kuwa makao ya wakimbizi mwaka 1994, tunajua uzito wa mzigo unaobebwa mbali. Basi mwanafunzi akusanyapo kitu, na aandike mahali, siku, na pia jina la aliyemsaidia.