Dkt Leakey: Mwana wa Kabete aliyepima mafuvu kusaka asili ya binadamu

KATIKA mitaa ya Shirere, Kakamega, kama kwingineko katika nchi ya Waluhya, si ajabu kumsikia mzee akiwasimulia wajukuu kwamba mababu zao walitoka Misri. Swali la asili ni kongwe, na kila jamii hulijibu kwa njia yake. Nchini Kenya, mtu aliyejaribu kulijibu kwa kupima mafuvu ya watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita alikuwa marehemu Dkt Louis Seymour Bazett Leakey.

Leakey alizaliwa Kabete mnamo Agosti 7, 1903. Wazazi wake, Harry na Mary, walikuwa wamishonari wa Kianglikana kutoka Uingereza. Alikulia miongoni mwa Wakikuyu, akakimudu Kikuyu kama wenyeji, akapitia jando pamoja na rika lake na kupewa jina la Wakaruigi.

Mwaka 1922 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka uliofuata aliumia kichwani akicheza raga, akalazimika kusitisha masomo. Badala ya kukaa bure, mwaka 1924 alishiriki msafara wa kufukua mifupa ya dinosaria huko Tendaguru, kusini mwa Tanganyika. Alihitimu mwaka 1926 na mwaka uo huo akaongoza msafara wake wa kwanza wa akiolojia nchini Kenya.

Enzi hizo wataalamu wengi waliamini kuwa chimbuko la binadamu lilikuwa Asia. Leakey aliamini ni Afrika, kama Charles Darwin alivyokisia mwaka 1871.

Katika Bonde la Ufa, karibu na Nakuru na Elmenteita, yeye na wenzake walifukua makaburi ya kale. Katika pango la Gamble walipata mifupa ya watu pamoja na zana zao za mawe. Ili kujua watu hao walikuwa wa nasaba gani, Leakey alitumia mbinu iliyotegemewa na wataalamu wa wakati huo. Fuvu hupimwa urefu kutoka kwenye paji hadi kisogoni, kisha upana wake, na upana ukagawanywa kwa urefu. Uso, pua na taya pia hupimwa, kisha hesabu hizo zikalinganishwa na za mafuvu ya watu wanaojulikana.

Mwaka 1935 alitoa kitabu kuhusu watu wa Zama za Mawe nchini Kenya. Humo alidai kwamba wengi wa watu hao wa kale hawakuwa wa jamii za Waafrika weusi. Dai hilo lilioana na nadharia iliyovuma wakati huo, kwamba kila ufundi wa maana barani Afrika uliletwa na wageni kutoka kaskazini. Katika koloni ambako wenyeji walikuwa wamepokonywa ardhi, halikuwa jambo dogo. Lilimaanisha kuwa hata wafu wa kale wa nchi hii hawakuhesabiwa kuwa wa kwao.

Masaibu mengine yalimpata kuhusu mafuvu ya Kanjera na taya la Kanam, yaliyopatikana mwaka 1932 kwenye ufuo wa kusini wa Ghuba ya Winam. Leakey alitangaza kuwa yalikuwa ya kale mno. Mnamo 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alizuru huko, lakini Leakey akashindwa kumwonyesha mahali hasa yalipotoka. Sifa yake ilichafuka. Utafiti wa baadaye ulionyesha kuwa watu wa Kanjera waliishi zama za karibu zaidi kuliko alivyodhani.

Hata hivyo, hakukata tamaa. Mwaka 1936 alimwoa Mary Nicol, aliyekuja kuwa mwanaakiolojia mashuhuri. Ni Mary aliyegundua, Julai 17, 1959, huko Olduvai nchini Tanganyika, fuvu lililoitwa Zinjanthropus. Lilikuja kukadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 1.75, na dunia nzima ikageuza macho kuelekea Afrika Mashariki.

Mwaka 1964 Leakey, Phillip Tobias na John Napier walitangaza spishi mpya, Homo habilis. Hapa tena vipimo vya fuvu vilizua mjadala. Kigezo kilichokuwa kikitajwa cha ubongo wa binadamu kilikuwa sentimita za ujazo 750. Wao walikishusha hadi 600, na baadhi ya wanasayansi wakapinga vikali.

Leakey alifariki jijini London Oktoba 1, 1972, akazikwa Limuru karibu na wazazi wake.

Miaka mitatu baadaye, mtaalamu wa Marekani, Philip Rightmire, aliyachunguza upya mafuvu ya Bonde la Ufa kwa kulinganisha vipimo vingi kwa pamoja. Hakuona msingi wa kutosha wa kuwatenga watu hao na Waafrika. Umbo la fuvu hutofautiana sana hata ndani ya jamii moja, na uzito wa udongo huweza kulipinda.

Kisha vikaja vinasaba. Utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha kuwa wafugaji wa kale wa Bonde la Ufa walikuwa mchanganyiko wa watu waliotoka kaskazini mashariki mwa Afrika na wawindaji wenyeji. Mwaka 2020 matokeo mengine yalihusu Kakapel, kaunti ya Busia, ambako mtu aliyeishi takriban miaka 3,900 iliyopita alikuwa wa nasaba ya wawindaji.

Kwa hivyo, mwana wa Kabete alikosea alipowatenga wafu hao na Afrika, lakini hakukosea kuhusu Afrika yenyewe. Ni hapa ndipo binadamu alipoanzia. Kuhusu waliokuja baadaye, mifupa inaeleza habari za watu waliohama, wakakutana na kuoana, habari ambazo hakuna kipimo kimoja cha fuvu kinachoweza kuzimaliza.