Johnny Unitas, namba 19: aliyefukuzwa bila kurusha mpira ata mara moja

Kule Marekani wapenzi wa michezo wana ubishi wao usiokwisha, sawa vile Bukavu, Goma ao Uvira watu wanavyoweza kukesha juu ya Messi na Ronaldo. Wao wanabishana juu ya kwotabeki: nani alikuwa mkubwa kuliko wote? Vijana wa leo wanamtaja Tom Brady, wazazi wao wanamtaja Joe Montana. Lakini wazee, zaidi wale wa mji wa Baltimore, wanatikisa kichwa na kutaja jina moja tu: Johnny Unitas. Amekufa tangu mwaka wa 2002, na mpaka leo jina lake linarudi kila mara ubishi ule unapoanza.

Kwanza tuelewane juu ya mchezo wenyewe. Mpira wa Kimarekani hauchezwi sana kwa mguu. Ekipe mbili za watu 11 zinapigania uwanja, yadi kwa yadi, na mpira una umbo la yai. Ekipe yenye mpira inapewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10; ikishindwa, mpira unaenda kwa wengine. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kwanza, anaangalia uwanja kwa sekunde mbili ao tatu, kisha anaurusha kwa mwenzake anayekimbia mbele ao anamkabizi mwingine apite nao katikati ya miili. Wakati huohuo wanaume wenye uzito wa zaidi ya kilo 100 wanamkimbilia kumwangusha. Akikosea, ekipe yote imekosea. Siku hizi antrenere anamsemesha kwa redio ndani ya kofia yake. Wakati wa Unitas hakukuwa redio: kwotabeki mwenyewe ndiye aliyechagua kila mchezo, pale pale uwanjani.

John Constantine Unitas alizaliwa tarehe 7 mwezi wa tano 1933 katika mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, inchi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Jamaa yake ilikuwa na asili ya Lithuania. Baba alikuwa na kazi ndogo ya kupeleka makaa kwenye nyumba za watu. Johnny alipokuwa na miaka mitano, baba akafa. Mama Helen akabaki na watoto wanne, akaendesha ile kazi ya makaa yeye mwenyewe, akatumika kazi zingine, na usiku akajifunza kushika hesabu za biashara mpaka akapata kazi ya ofisi. Wengi walioandika juu ya Unitas wanasema ugumu wake aliutoa kwa yule mama, na ni vigumu kuwapinga.

Alikuwa mwembamba. Chuo kikuu cha Notre Dame, ambacho kila kijana Mkatoliki wa wakati ule aliota kukichezea, kilimwangalia na kuona kwamba mwili wake ni mdogo mno, angeumizwa. Akaenda Louisville, jimbo la Kentucky, ule mji ambao miaka hii familia nyingi za wakimbizi kutoka Congo zimepata makao. Wakati ule chuo cha Louisville hakikuwa na jina katika mchezo huu. Unitas alicheza pale miaka minne, mara nyingi akishindwa mechi, na watu wa mbali hawakumjua.

Mwaka wa 1955 ekipe ya kwao, Pittsburgh Steelers, ilimchagua, lakini kwa kuchelewa sana: alikuwa mtu wa 102 katika orodha ya mwaka ule. Steelers walikuwa na makwotabeki wengine watatu. Katika mechi zote za majaribio antrenere hakumwingiza ata kwa dakika moja. Mbele ya msimu kuanza akamwambia aende nyumbani. Unitas, aliyekwisha kuoa, akarudi kwa kuomba lifti barabarani.

Hapo ndipo maisha yake yanapotofautiana na ya nyota wengi. Akapata kazi ya ujenzi, kwenye mtambo wa kupigilia nguzo ardhini. Mwisho wa juma alichezea ekipe ya mtaa inayoitwa Bloomfield Rams, kwenye viwanja vya udongo ambavyo mara nyingi havikuwa na nyasi. Malipo yalikuwa dola 6 kwa mechi. Kwa zile dola 6 alirusha mpira, alizuia, na kupiga mpira kwa mguu ilipohitajika. Wengine wangeacha. Yeye alisema kwa matendo kwamba anangoja.

Mwanzoni mwa 1956 Baltimore Colts, ekipe ambayo haikuwa na sifa kubwa, ilimwita kwa majaribio. Antrenere Weeb Ewbank alimpenda, na wakamwandikia mkataba wa dola 7.000 kwa msimu, kama angefaulu kubaki. Alikuwa msaidizi tu. Mwezi wa kumi kwotabeki wa kwanza, George Shaw, akavunjika mguu katika mechi na Chicago Bears, na Unitas akaingia. Mpira wake wa kwanza ulinyakuliwa na adui na kupelekwa moja kwa moja mpaka bao. Baadaye mipira ingine ikaanguka chini mikononi mwake. Colts wakapigwa 58 kwa 27. Mwanzo mbaya kuliko huo ni vigumu kuuwaza, na kama Colts wangekuwa na mtu mwingine karibu, pengine hadisi ingeishia pale.

Hawakuwa naye. Unitas akabaki, na kuanzia mwezi wa kumi na mbili ya mwaka ule akaanza mfululizo wa ajabu: katika mechi 47, moja baada ya ingine, mpaka 1960, hakukosa ata mara moja kurusha mpira uliozaa bao. Rekodi ile ilidumu miaka 52. Drew Brees njo aliivunja, mwaka wa 2012, katika mchezo ambao kanuni zilikwisha kugeuka kabisa.

Na sasa tufike kwa ile siku yenyewe. Tarehe 28 mwezi wa kumi na mbili 1958, New York, Yankee Stadium, fainali ya shampiona: Colts na New York Giants. Wiki chache mbele, Unitas alikuwa amevunjika mbavu na pafu lake kutobolewa, akakosa mechi mbili, akarudi akiwa amefungwa kifua kwa kinga ya pekee. Inakadiriwa kwamba watu milioni 45 waliangalia kwa televizio.

Giants walikuwa mbele 17 kwa 14, zikibaki dakika mbili hivi, na Colts walikuwa ndani kabisa ya upande wao, kwenye yadi ya 14. Unitas akaanza kumtafuta Raymond Berry. Berry hakuwa mwepesi, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine. Lakini wale wawili walizoea kubaki uwanjani kisha mazoezi, wakirudia mpira uleule mpaka kila mmoja akajua mwenzake atakuwa wapi bila kumwangalia. Mipira mitatu mfululizo kwa Berry ikawapeleka yadi 62. Zikibaki sekunde 7, Steve Myhra akapiga mpira kwa mguu katikati ya nguzo: 17 kwa 17. Berry alishika mipira 12 siku ile.

Kwa mara ya kwanza fainali ikaingia katika muda wa nyongeza, na kanuni ilikuwa: wa kwanza kupata pointi ameshinda. Giants walipata mpira kwanza, hawakufika mbali. Unitas akaupokea, na kwa michezo 13 akapeleka ekipe yake yadi 80. Walipofika karibu kabisa, kila mtu alifikiri Colts watapiga mpira kwa mguu wachukue pointi zao, kwisha. Unitas akarusha tena, pembeni, kwa Jim Mutscheller, karibu na mstari. Wenye kuogopa waliona ni wazimu; yeye alikuwa amesoma mahali walinzi wamesimama. Kisha akamkabizi Alan Ameche mpira, na Ameche akapita katika tundu kubwa lililofunguliwa mbele yake. 23 kwa 17.

Mechi ile iligeuza mchezo kuwa biashara. Kabla yake, beisboli njo ilikuwa mfalme wa Marekani. Kisha mechi ile, wenye televizio na wenye makuta walielewa kitu. Lamar Hunt, tajiri wa Texas, alitoka pale na wazo la kuanzisha ligi ingine, iliyoanza 1960. Mwaka uliofuata, 1959, Colts waliwapiga Giants tena katika fainali, 31 kwa 16. Unitas alichaguliwa mchezaji bora wa ligi mara tatu: 1959, 1964 na 1967. Mwaka wa 1969, ligi ilipofikisha miaka 50, alitajwa kuwa kwotabeki mkubwa kuliko wote waliotangulia.

Lakini wanaompinga nao wana hoja zao, na si za bure. Alirusha mipira ya bao 290, lakini mipira 253 ilinyakuliwa na adui. Leo kwotabeki mwenye hesabu kama hiyo angefukuzwa. Tena kuna Super Bowl ya tatu, mwezi wa kwanza 1969. Unitas aliumia kiwiko mbele ya msimu, Earl Morrall akachukua nafasi yake, na Colts wakashinda mechi 13 kati ya 14. Wote walisema watawameza New York Jets. Antrenere wa Jets alikuwa nani? Weeb Ewbank, yule yule aliyemwokota Unitas. Na kwotabeki wao, Joe Namath, alikuwa mtoto wa Pennsylvania ile ile ya viwanda. Morrall alipoteza mipira mitatu katika nusu ya kwanza. Unitas akaingizwa kwa kuchelewa, mkono ukimuuma, akaleta bao moja tu la Colts. Jets 16, Colts 7. Mpaka leo wazee wa Baltimore wanauliza kwa nini antrenere Don Shula hakumwingiza mapema. Mwezi wa kwanza 1971 Colts walichukua Super Bowl kwa kuwapiga Dallas 16 kwa 13, lakini Unitas aliumizwa na kutoka mbele ya mwisho; safari hii Morrall njo alimaliza kazi.

Ukiweka hesabu ya Brady karibu na ya Unitas, inaonekana hakuna mashindano: Super Bowl 7 na zaidi ya yadi 89.000, wakati Unitas ana yadi 40.239. Hesabu zile ni za kweli, lakini zinadanganya kidogo. Unitas alianza wakati msimu ulikuwa na mechi 12. Sasa ni 17. Na mwaka wa 1978, alipokwisha kuacha, ligi ilikataza walinzi kuwasukuma washikaji mpira kupita yadi tano. Kabla ya pale walinzi waliwapiga kiwanja kizima, na kwotabeki mwenyewe aliangushwa bila huruma. Kumpima kwa hesabu za leo ni sawa na kumshindanisha mwenda kwa miguu na mwenye pikipiki. Anayetaka kutaji tu amchukue Otto Graham wa Cleveland, aliyefika fainali katika kila mmoja wa misimu yake 10 na kushinda 7. Lakini huyo, vijana hawamtaji.

Mwisho wake katika mchezo haukuwa wa heshima. Mwaka wa 1972 wakubwa wapya wa Colts walimkalisha kwenye benchi, kisha 1973 wakamuuza kwa San Diego, ambako kijana Dan Fouts alimpokonya nafasi. Mwaka wa 1974 akaacha. Akaingia katika Jumba la Heshima 1979. Biashara alizojaribu hazikumwendea vizuri, na mwaka wa 1991 aliomba kinga ya mahakama juu ya kufilisika.

Usiku wa tarehe 28 kuamkia 29 mwezi wa tatu 1984, mwenye Colts alipakia vitu vyote vya ekipe ndani ya makamyo na kuihamisha Indianapolis. Wakaaji wa Baltimore waliamka bila ekipe. Unitas alikata uhusiano na Colts wa Indianapolis. Kwake Colts walikuwa wa Baltimore ao hawakuwa kitu. Mwaka wa 1996 mji ulipopata ekipe ingine, Ravens, alianza kuonekana amesimama kando ya uwanja wao.

Na ule mkono wa kulia, mkono ambao mji mzima uliuita wa zahabu, ulikufa polepole. Ile jeraha ya 1968 ilirudi uzeeni. Vidole havikukamata tena. Kufunga vifungo vya shati kulikuwa kazi, na ili acheze gofu alifunga mkono kwenye fimbo kwa mkanda. Aliomba msaada wa walemavu kwa mfuko wa pensheni wa wachezaji, akanyimwa. Mchezo aliousaidia kuwa na mabilioni ulikuwa na kanuni zake za karatasi.

Alikufa kwa moyo tarehe 11 mwezi wa tisa 2002, akifanya mazoezi ya mwili karibu na Baltimore, akiwa na miaka 69. Siku nne baadaye Ravens walicheza nyumbani. Kwotabeki wao, Chris Redman, naye alisoma Louisville. Akaingia uwanjani amevaa viatu vyeusi vyenye shingo ndefu, sawa vile vya Unitas, bila ruhusa ya ligi. Ravens walishindwa, na ligi ikamtoza Redman dola 5.000.